Kabla ya kupaka rangi, tafuta maji: namna ya kuzuia fangasi ukutani

Masika yakikolea, simu yangu huita kwa jambo lilelile: "Fundi, fangasi wamerudi chumbani, njoo upake tena." Napiga lipu na kupaka rangi hapa Arusha, na kazi hiyo siigusi mpaka nijue maji yanatoka wapi. Mbegu za fangasi zimo hewani katika kila nyumba, hazimaliziki. Chakula nacho hawakosi: vumbi, rangi, karatasi ya jipsamu. Unachoweza kuwanyima ni maji tu. Ukipaka juu ya ukuta wenye maji, rangi itabanduka na pesa yako imekwenda.

Anza na kipimo hiki, hakina gharama. Futa doa likauke juujuu, kisha bandika kipande cha nailoni angavu kwa selotepu pande zote nne, hewa isipenye. Kiache siku mbili. Matone yakitokea upande unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa ya ndani. Yakitokea chini ya nailoni, upande uliogusa ukuta, basi maji yamo ukutani kwenyewe.

Kama yamo ukutani, toka nje ukaangalie, na ukiweza toka wakati mvua inanyesha. Doa la chini, lenye unga mweupe wa chumvi na lipu inayomeguka, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Kwa kawaida hayavuki mita moja hivi. Ninachokuta mara nyingi ni udongo uliojazwa hadi kupita usawa wa sakafu, au bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni. Shusha udongo huo uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na mwinamo uelekee mbali na nyumba. Kwenye mteremko, kama Ilboru, ukuta wa upande wa mlimani ndio unaopokea maji yote, kwa hiyo chimba mfereji uyapitishe pembeni kabla hayajaufikia. Na wewe unayejenga sasa, nakusihi: tandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupanga tofali za ukuta. Ukiiruka leo, baadaye ni kubomoa.

Doa la juu ni la bati, msumari uliolegea au gata lililoziba majani. La katikati, tazama kama nyuma yake kuna bafu au bomba.

Unyevu wa hewa ndio watu wa Arusha wengi hawaufikirii. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; Juni hadi Agosti usiku ni baridi, ukuta unapoa, na familia imelala madirisha yamefungwa. Mvuke wa pumzi, wa maji ya kuoga, wa sufuria ya maharage na wa nguo zilizoanikwa ndani hugeuka maji unapogusa ukuta baridi, hasa kwenye kona na nyuma ya kabati. Mjini Moshi, ambako kuna joto zaidi, nikiitwa huwa nakuta maji ya bati au ya ardhini.

Kwa hiyo fungua madirisha ya pande mbili kila asubuhi, hata kwa robo saa, hata kukiwa na baridi. Sogeza kabati na kitanda sentimita 10 kutoka ukutani. Funika sufuria. Nguo anika barazani. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo wengi huyaziba kwa magazeti kwa kuogopa baridi na mbu, yazibue uweke wavu. Tena naomba sana, usiingize jiko la mkaa chumbani kukausha ukuta au kupasha joto. Gesi yake haina harufu, na inaua watu usingizini.

Kusafisha doa dogo, vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, watoto na mwenye pumu wakae nje. Usikwangue likiwa kavu, utarusha mbegu chumba kizima. Lilowanishe, sugua kwa sabuni ya unga, futa. Kwenye ukuta wa saruji unaweza kumalizia na jiki, kipimo kimoja kwa maji kumi, ukaiacha dakika kumi kisha ukafuta. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi inayounguza mapafu. Jipsamu iliyoshika fangasi hadi ndani haisafishiki, ikatwe itupwe.

Rangi inakuja mwisho. Lipu mpya ipe wiki nne ikauke. Rangi ya mafuta usiipake kwenye ukuta wenye historia ya unyevu, kwa kuwa hufungia maji ndani; chukua rangi ya maji yenye dawa ya fangasi. Kazi yenyewe ipange Januari au Februari, jua likiwa kali. Kama mvua zimeshaanza, safisha, pitisha hewa, rekebisha gata na mfereji, na rangi isubiri ukuta ukauke.