Fisi pale njia panda
Jamani ukimsomea mtoto hadithi usikimbilie kumwambia eti fisi maana yake tamaa, hapo ushaua utamu wote. Chukua ile ya fisi aliyesikia harufu ya nyama njia zote mbili, akapeleka miguu ya kulia huku ya kushoto kule mpaka akapasuka msamba, muulize kwanza we ungepita wapi, alafu hiyo nyama yenyewe kuna mtu kaiona? Wangu wa miaka sita akanijibu "labda haikuwepo", nikabaki mdomo wazi, mi miaka yote nakazania tumbo la fisi tu. Na mashairi ni hivohivo, neno likirudi mara mbili tatu anzia hapohapo, mambo ya vina na mizani baadae.