Kuchagua Taa za Tyubu na Balasti za Tangi la Samaki

Watu wengi wanaotaka kuweka taa juu ya tangi la samaki huanza na rangi ya mwanga, kisha humwachia fundi suala la balasti, ambayo mafundi wengine huiita choki. Utaratibu huo huleta hasara, kwa sababu taa ya tyubu haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Gesi iliyomo ndani ikishaanza kupitisha umeme, ukinzani wake hupungua, na mkondo ungeendelea kupanda mpaka tyubu iharibike au fyuzi ikatike. Balasti ndiyo inayoudhibiti mkondo huo. Kwa hiyo tyubu na balasti ni vitu viwili vinavyochaguliwa kwa pamoja, kila kimoja kikilingana na mwenzake.

Kabla ya kununua chochote, angalia ni viumbe gani watakaoishi ndani ya tangi. Samaki peke yao hawahitaji mwanga mwingi, na tyubu moja inayokaribia urefu wa tangi inawatosha. Mimea mipole kama anubiasi na kangaga la Java huridhika na mwanga huo huo, ilhali mimea mifupi inayotandaa chini kama zulia, pamoja na ile yenye majani mekundu, huhitaji zaidi. Matumbawe ya maji ya chumvi huhitaji mwanga mwingi kupita yote hayo, kwa kuwa mengi yao hulishwa na mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao. Kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa kila lita inasaidia kidogo tu, kwani haizingatii kina cha maji wala kama taa ina kiakisi kizuri nyuma yake, yaani bamba linalorudisha mwanga kuelekea kwenye maji. Kiakisi kilichokunjwa kuifuata kila tyubu kinaweza kuwa na faida kuliko kuongeza tyubu nyingine. Mwanga unaozidi mahitaji ya mimea, kwa upande mwingine, hukaribisha mwani kwenye vioo na majani.

Tyubu hutambulishwa kwa herufi T na namba inayoonyesha kipenyo kwa sehemu za nane za inchi: T12 ina milimita 38, T8 ina 26, na T5 ina 16. Tyubu za T8 zinazopatikana kwa wingi ni za wati 18 kwa sentimita 60, wati 30 kwa sentimita 90, na wati 36 kwa sentimita 120. Za T5 ni fupi kidogo kuliko hizo, na pini zake zimeachana milimita 5 badala ya 13, kwa hiyo huwezi kuipachika ya aina moja kwenye vishikio vya nyingine.

Penye mtego ni ndani ya T5 yenyewe. Kuna T5 za kubana matumizi na T5 za mwanga mkali, na zote mbili zina urefu sawa na pini zilezile. Tyubu ya milimita 1149 inaweza kuwa ya wati 28 inayotumia mkondo wa miliampea 170 hivi, au ya wati 54 inayotumia miliampea 460 hivi. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha mpaka usome maandishi ya mwishoni mwa kioo. Ukiiweka ile ya wati 28 kwenye balasti ya wati 54, itawaka vizuri mno kwa muda mfupi, ncha zake zitaanza kuwa nyeusi, kisha itakufa mapema. Ukifanya kinyume chake, tyubu itafifia au itakataa kuwaka. Zipo balasti za elektroniki zinazoitambua tyubu zenyewe, lakini usidhani unayo mojawapo mpaka uone imeandikwa hivyo.

Balasti ya sumaku, inayofanya kazi pamoja na stata (kifaa kidogo kinachoianzisha tyubu kuwaka), ni nzito, hupata joto, na mara nyingi hunguruma. Kwenye umeme wa hezi 50 taa yake humeta mara 100 kwa sekunde. Uzuri wake ni kwamba ni rahisi na ina uvumilivu, na kwa tangi dogo lenye T8 moja sioni sababu ya kuitupa ikiwa bado nzima. Balasti ya elektroniki huwasha taa kwa zaidi ya hezi 20,000, hivyo mmeto hauonekani, joto hupungua, na umeme huohuo hutoa mwanga zaidi. Tyubu za T5 za mwanga mkali zimebuniwa kwa balasti ya namna hii. Unapoisoma lebo, tafuta volti zinazolingana na umeme wako, idadi, aina na wati za tyubu zinazokubalika, pamoja na mchoro wa waya. Kwa kuwa taa ya tangi huwashwa na kuzimwa kila siku, chagua inayopasha moto ncha za tyubu kabla ya kuiwasha. Ile inayowasha papo hapo bila kuzipasha huzichosha haraka.

Kuhusu rangi, namba tatu zilizoandikwa kwenye tyubu zinatosha. Katika 865, tarakimu ya 8 inaonyesha kwamba rangi za vitu huonekana kwa uaminifu wa zaidi ya 80 kati ya 100, na 65 inamaanisha kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga unaofanana na wa mchana. Mimea hustawi chini ya tyubu hiyo ya kawaida bila shida. Tyubu za waridi zinazouzwa kwa jina la mimea huwapendezesha samaki wekundu, jambo ambalo ni la mtazamaji zaidi kuliko la mmea. Kwa matumbawe, changanya tyubu za kelvini 10,000 na za buluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 420 hivi.

Iweke balasti nje ya kifuniko cha tangi, mahali pakavu penye hewa, na utumie vishikio vyenye mipira ya kuzuia maji. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme, na saketi iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Taima iwashe taa kwa saa 8 hadi 10. Kwenye tangi la mimea, badilisha tyubu baada ya mwaka mmoja hivi hata kama bado zinawaka, moja baada ya nyingine kwa kuachanisha wiki kadhaa. Tyubu kuukuu zina zebaki, kwa hiyo zipelekwe panapokusanywa taka hatarishi.

Zebaki hiyo ndiyo iliyozifanya nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2023, zikubaliane kusitisha utengenezaji na biashara ya taa hizi ifikapo mwisho wa 2027. Anayenunua sasa aulize kama akiba ya tyubu itapatikana, na anayekusudia kupachika tyubu ya LED kwenye fremu ileile asome kwanza kama inafanya kazi na balasti iliyopo au inataka itolewe na waya ziunganishwe upya.