Maharagwe yaive kabla ya kupanda boti

Mkikodi nyumba Goma siku tatu na watoto, chemsheni maharagwe yote huku Bukavu usiku wa kuamkia safari: maji matupu, bila chumvi, mafuta wala kitunguu. Yachuje, yatandaze kwenye sinia mpaka yapoe kabisa, ndipo yaingie ndooni. Maharagwe ndiyo yanayokula makala ya kupikia. Yakiwa yameiva tayari, kule mbabula, jiko la makala, inawashwa kwa kuyaunga na kusonga bugali tu, na pesa inabaki ya kununua sambaza wabichi, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao hawachukui muda motoni. Kila mlo chota ya kutosha, uyaunge: leo nyanya, kesho mboga ya lengalenga, au mawese, watoto wangu ndiyo wanayapenda zaidi. Yasiyoungwa hayachachi haraka kama yenye nyanya na kitunguu. Lakini yasifunikwe yangali moto! Safari ya kwanza nilifanya hivyo; kufungua ndoo, povu jeupe na harufu kali, tukamwaga yote. Nyumba ikiwa haina friji, au umeme ukikatika, yachemshe upya asubuhi na jioni, na yasipite siku ya pili.