Siku moja katika bustani ya wanyama ya Antwerpen: pa kuanzia na pa kuachia mwisho

Bustani hii ya Ubelgiji ilifunguliwa mwaka 1843, wakati eneo lake lilikuwa bado pembezoni mwa mji. Mji ukakua ukaizunguka, na kituo kikuu cha treni, Antwerpen-Centraal, kikajengwa ubavuni mwake. Kutoka Brussels ni chini ya saa moja, na ukishuka huhitaji basi wala teksi.

Wageni wengi hukosea palepale kituoni. Reli zimepangwa kwa ghorofa: baadhi ziko juu, nyingine chini ya ardhi, na treni zinazopitiliza kwenda Uholanzi husimama chini kabisa. Ukifuata umati tu unaweza kutokea upande wa Kievitplein, nyuma ya kituo, kisha ukalazimika kulizunguka jengo zima. Fuata vibao vya Koningin Astridplein, uwanja ulio mbele ya kituo. Ukitokea uwanjani, geuka kulia. Lango liko hapohapo. Begi kubwa liache kwenye makabati ya mizigo ya kituo.

Tiketi nunua mtandaoni ukiwa bado nyumbani, hasa kwa Jumapili na likizo za shule, maana foleni ya dirishani hula saa nzuri za asubuhi. Lango hufunguliwa 10:00, yaani saa nne yetu (usije ukafika saa kumi jioni!). Saa ya kufunga hubadilika kwa majira, na wakati wa baridi ni mapema zaidi. Iangalie siku unayokwenda.

Eneo lote ni zaidi kidogo ya hekta 10. Aliyezoea Mikumi au Virunga ataliona dogo, na akilipita kwa mwendo wa matembezi ya kawaida atalimaliza kwa saa moja na kuondoka akinung'unika. Panga saa nne, na uzitumie kwa kusimama.

Anza na okapi, mnyama wa misitu minene. Usimwache mwisho, kwani asubuhi watoto bado hawajajaa na kelele ni chache. Kumpata, tafuta makazi yake: jengo lenye umbo la hekalu la mtindo wa Kimoro (wa Waislamu wa kale wa Hispania na Afrika Kaskazini), lililojengwa 1885. Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai aliletwa Antwerpen mwaka 1919, kutoka misitu ya Kongo, ingawa hakudumu. Hadi leo kitabu cha kimataifa cha nasaba za okapi wanaofugwa hutunzwa hapa. Kitabu hicho ndicho kinachosaidia kuamua dume yupi apelekwe kwa jike yupi, ili ndugu wasizalishwe pamoja.

Anayetafuta mnyama mzima ndani ya kivuli atampita. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea na hupotea gizani. Tafuta michirizi myeupe ya mapajani, au sikio kubwa linalogeuka. Kisha tulia dakika 10 bila kugonga kioo na bila mwanga wa kamera, kwa sababu masikio yale yameumbwa kwa msitu mnene ambako chui husikika kabla hajaonekana. Mwenye vipembe vifupi vilivyofunikwa ngozi ni dume. Jike hana vipembe, na kwa kawaida ndiye mkubwa. Akianza kula, mtazame ulimi: mrefu, wa rangi ya samawati iliyofifia, unaofika hadi masikioni. Hapo hutahitaji kuambiwa kwamba ni wa ukoo wa twiga, hata kama miguu inakukumbusha punda milia.

Mwenyeji mwingine wa misitu hiyo ni tausi wa Kongo. Wataalamu walimtambua mwaka 1936 tu, baada ya James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, kukuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Ukibahatika kumwona, usitafute mkia wa tausi wa India. Wa huyu ni mfupi.

Baada ya hapo nenda hekalu la Kimisri la mwaka 1856, lililojengwa kwa ajili ya wanyama wakubwa kama tembo na twiga. Rudi nyuma hatua kadhaa usome kuta: maandishi ya kale ya Kimisri yaliyochorwa hapo yanamtaja mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Kwanza. Ni majivuno ya matajiri wa karne ya 19, lakini jengo ni zuri. Majengo haya yanalindwa kisheria kama urithi, kwa hiyo hayabomolewi ovyo hata pale ambapo mnyama angefaidika na nafasi zaidi.

Nyumba za ndani, yaani samaki, wanyama watambaao na bustani ya mimea ya joto ya mwaka 1897, ziweke akiba kwa ajili ya mvua. Mvua ya Antwerpen haitoi taarifa. Ukiingia humo kutoka kwenye baridi, miwani na lenzi hufunga ukungu. Acha kamera nje ya mfuko dakika chache ipate joto, usiifute kila mara.

Sokwe mtu na gorila utawakuta hapa. Bonobo, jamaa wa sokwe mtu, hawapo: wako Planckendael, karibu na mji wa Mechelen, bustani inayoendeshwa na shirika lilelile la bustani hii lakini yenye tiketi yake. Ukiwataka, tenga siku ya pili.