Jinsi ya kutoa sianidi kwenye muhogo mchungu

Muhogo ulio shambani hauna sianidi, ile sumu kali, iliyokaa tayari. Ndani ya seli zake kuna kemikali iitwayo linamarini, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwenye majani kisha ikashuka mizizini. Kwenye kuta za seli hizo hizo kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoivunja linamarini, kiitwacho linamarasi. Viwili hivi vikikaa mbalimbali, salama. Ukikata, ukitwanga, au panya akitafuna, vinakutana na sianidi inatoka. Kokwa za pichi na mbegu za tofaa hufanya vivyo hivyo, ila kemikali yao ni amigdalini.

Kwa hiyo kazi yote ni kuvikutanisha mapema, kabla ya chungu kubandikwa, sianidi ipate kuondoka na maji na hewa. Huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, basi joto la kawaida la pwani linatosha kuirusha.

Hatua ya 1: Menya
Toa na ganda la ndani, lile nene. Maganda mabichi usiwatupie mbuzi.

Hatua ya 2: Loweka
Kata vipande, vizamishe kabisa kwenye maji, funika, acha siku 3. Kwenye baridi ongeza siku. Usihesabu siku tu, bonyeza kwa kidole: kipande kilichoiva kuloweka kinabonyea hadi katikati na nyuzi zinaachana zenyewe. Kikiwa na kiini kigumu, rudisha majini. Ulimi usiutegemee hapa, kwa sababu uchachu wa kuvunda huficha uchungu.

Wengi hukimbilia kuanika makopa moja kwa moja, na hapo ndipo ninapobishana nao kila msimu. Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi. Kopa likikauka, kazi inasimama, na linamarini iliyobaki inakuwa imefungiwa humo hadi kwenye unga. Kutumbukiza muhogo mchungu kwenye maji yanayochemka nako si dawa: moto unaua kimeng'enya, linamarini inabaki. Mama zetu wanaotwanga kisamvu kwenye kinu kabla ya kukipika wanafanya jambo sahihi kabisa.

Hatua ya 3: Kamua na anika
Mwaga maji mbali na mifugo. Kamua, vunjavunja vipande, toa nyuzi, tandaza juani hadi vikauke kabisa, kisha usage.

Hatua ya 4: Unga usioujua ulikotoka
Umenunua sokoni na hujui kama muhogo ulilowekwa? Bado unaweza kuuokoa. Weka unga kwenye bakuli, tia alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza unga huo wenye unyevu kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Mkeka mdogo usikushawishi kuurundika, maana sianidi ya chini haitapata njia. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, nje au mahali penye hewa. Linamarini iliyokuwa imekwama inavunjika, na sianidi inaweza kupungua mara 3 hadi 6. Songa ugali siku hiyo hiyo, kwani unga ulioloa haukai.

Mwaka wa ukame usipunguze hata siku moja ya kuloweka. Mmea ulioteswa na jua huongeza linamarini, na ndicho kipindi ambacho njaa hutuharakisha. Wilayani Tarime, Tanzania, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha, na wengine wakapooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Hushika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na miguu hairudi kuwa kama zamani.

Hatua ya 5: Kitoweo
Mwili huigeuza sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Wanaopata konzo mara nyingi ni wale wanaokula muhogo mchungu kila siku bila protini ya kutosha. Ugali wa muhogo uende na dagaa, samaki, mayai au maharage. Fungu likiwa dogo, watoto wapakuliwe kwanza.