Nyuki mmoja, mwili mzima umevimba: kinachotokea ndani

Juzi tukirina asali huku Manyoni, mwenzetu mwenye miaka sita kwenye mizinga alidungwa na nyuki mmoja tu, kwenye kifundo cha mkono. Bomba la moshi halijazimika, midomo imeshavimba na mabaka yamefika tumboni. Wengine wakasema nyuki wa msimu huu ni wakali. Sumu ni ileile jamani, mwili wake ndio uliobadilika: huu ni mzio (aleji).

Hatua ya 1. Siku fulani huko nyuma alidungwa, mwili ukatengeneza kingamwili (protini za ulinzi) za aina ya IgE dhidi ya sumu hiyo. Zikitengenezwa, hakuhisi lolote.

Hatua ya 2. IgE hizo zikajipachika kwenye seli za masti, aina ya seli za ulinzi zilizojaa ngozini, puani, kwenye njia ya hewa na utumbo. (Paul Ehrlich, mwanasayansi Mjerumani aliyezipa jina mwaka 1878, alidhani zimeshiba chakula!) Mtego umetegwa.

Hatua ya 3. Hapa someni taratibu. Sumu ikirudi, chembe yake moja hushika IgE mbili zilizo jirani na kuzivuta pamoja. IgE moja peke yake haifyatui kitu. Kalisiamu hupanda ndani ya seli, vifuko vya histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho, husogea hadi ukingoni, hupasukia nje. Histamini ilishatengenezwa zamani, kazi iliyobaki ni kumwaga, ndiyo maana dakika chache zinatosha.

Hatua ya 4. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja: uvimbe, muwasho, presha kushuka. Njia ya hewa hubana.

Hatua ya 5. Seli huanza kupika kemikali nyingine mpya, lukotrieni na prostaglandini. Dalili zaweza kurudi saa kadhaa baadaye, msimruhusu mgonjwa kuondoka mapema.

MASWALI

Dokta, nikimeza setirizini, kidonge cha mzio, kabla ya kurina, seli hazitamwaga?
Zitamwaga, kaka. Kidonge huziba tu mahali ambapo histamini ingeshika. Anayeshindwa kupumua au kuzimia anahitaji adrenalini, sindano ya msuli wa paja, papo hapo.

Mwanangu hapo Dodoma mjini hupiga chafya vumbi la Agosti likivuma. Ni hii hii?
Yaweza kuwa, mama, ikiwa kuna chavua au utitiri wa vumbi. Ila vumbi tupu nalo huwasha pua bila IgE yoyote.

Mgonjwa wetu je?
Alichomwa adrenalini kituo cha afya, jioni akaomba uji. Mizinga yake naikagua mimi kwa sasa.