Kulinda ruta ya gesti au nyumbani IPv6 ikiwa imewashwa

Nimetoka kumpangia ruta mama mmoja mwenye gesti pale Majengo, Moshi. Ushauri ambao mafundi wengi bado tunapeana ni wa enzi ya IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za mtandao; IPv6 ndio mpya) peke yake, na hautoshi tena.

1. Ingia kwenye ruta kwa waya. Badili nenosiri la msimamizi lililotoka kiwandani, na lisifanane na la waifai, maana la waifai kila mgeni analo.

2. Sasisha programu ya ruta. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, ruta inaweza isiwake tena, kwa hiyo ichomeke kwanza kwenye UPS (betri ya akiba). Kama kampuni iliyoitengeneza imeshaacha kuitolea masasisho, nunua nyingine.

3. Weka WPA3, ulinzi mpya wa waifai. Simu za zamani zikigoma, chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Wageni wape mtandao wao. Zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN): tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu 8 hupatikana kwa majaribio kama 11,000 tu. Zima na UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kujifungulia njia kwenye ruta.

4. Sasa IPv6; hapa usiwe na haraka. Kwenye IPv4, kamera ya getini ina anwani ya 192.168, ambayo mtu wa nje haifikii moja kwa moja, na wengi tumezoea kuuita huo ulinzi. Kwenye IPv6 kamera hiyohiyo hupata anwani yake kamili, kwa kawaida inayoanza na 2, na fayawoli (kizuizi cha ruta dhidi ya miunganisho isiyotakiwa) ikiwa wazi inabishiwa hodi kutoka popote duniani. Ruta nyingi huweka fayawoli ya IPv6 kwenye ukurasa wake. Ukiwasha ile ya IPv4, hii haiguswi. Zuia kila muunganisho unaoanzia nje, ruhusu majibu ya yale yaliyoanzia ndani.

Lakini usizuie ICMPv6 yote, yaani ujumbe ambao ruta na vifaa hupeana kuhusu hali ya mtandao! Mazoea ya kuzima ping (ujumbe wa kupima kama kifaa kipo) ndiyo yanayoponza watu. Kwenye IPv6, ruta za njiani hazikati pakiti (vifurushi vya data) vipande. Ikiwa kubwa mno, zinamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 apunguze. Ukiuzuia ujumbe huo, hakuna kosa litakaloonekana. Kwa yule mama meseji zilikuwa zinapita vizuri, ila picha za vyumba zinakwama nusu. Ruhusu angalau “Packet Too Big” na ujumbe wa vifaa kutafutana.

Wapo wanaosema zima tu IPv6. Sikubaliani nao kabisa: akiba kuu ya anwani za IPv4 duniani iligawiwa ikaisha Februari 2011, na huko ndiko mtandao unakokwenda.

5. Jaribu. Ukiwa ndani, fungua anwani ya IPv6 ya kamera kwenye brauza, ndani ya mabano ya mraba. Ikifunguka, zima waifai kwenye simu, tumia data, urudie, sasa isifunguke. Hakikisha kwanza laini yako yenyewe inatoa IPv6, la sivyo itakataa kwa sababu nyingine kabisa nawe utadhani umefunga mlango.